Bizimu ya mkanda wa usalama inayofunguka haraka: nifanyeje isifunguke mtu akiwa ananing'inia?

Fundi Turubai, Mtwara

Ndugu zangu, habari za kazi. Nina karakana ndogo hapa Chikongola, ambako kwa miaka mingi tumekuwa tukishona maturubai na mikanda ya kufungia mizigo ya malori. Tangu mwaka jana nimeanza kushona mikanda ya usalama ya mwili mzima kwa ajili ya mafundi wanaopanda minara ya simu na wakwezi wachache wa minazi walioniomba. Kushona hakunisumbui. Kinachonisumbua ni bizimu za mapajani. Zile za kawaida, ambazo chuma kimoja hupitishwa ndani ya kingine, zinashika vizuri, lakini jasho na vumbi huzifanya ziwe ngumu kufungua, na matokeo yake watu huacha kuzifungua kabisa: wanauvaa mkanda kama suruali, miguu kwanza, na kupanda ukiwa umelegea.

Kwa hiyo nimechonga ya kwangu. Ulimi unaingia ndani ya kasha, kikomeo kimoja chenye springi kinaudaka, na kitufe kilicho usoni kinaufungua. Mwezi uliopita niliivaa nikajining'iniza kwenye mwembe ulio nyuma ya karakana, nusu mita kutoka ardhini. Nilipogeuka, kitufe kiligusa fundo la tawi na bizimu ya paja la kulia ikafunguka palepale. Sikuumia, lakini usiku ule sikupata usingizi, na sijamkabidhi mtu yeyote bizimu hiyo.

Nina maswali mawili. Je, springi yenye nguvu zaidi itatosha? Na je, bizimu iweze kufunguliwa na mtu anayening'inia? Nimeambiwa kwamba kuning'inia muda mrefu ndani ya mkanda kunaweza kuua, nami ningependa mtu aweze kujiokoa.

Mkereza Vyuma, Lindi

Ndugu fundi, pole kwa mshtuko, na umefanya vema kujijaribia mwenyewe karibu na ardhi. Springi ngumu si jibu. Kazi ya springi ni kurudisha kikomeo mahali pake tu. Kuzuia mzigo ni kazi ya umbo la chuma. Ukiikaza, utamwumiza mvaaji kidole kila jioni, na fundo la mwembe bado litashinda, kwa sababu mwili mzima wa mtu unaoegemea fundo unasukuma kwa nguvu kuliko kidole chochote.

Utazame ulimi wako pale unapokutana na kikomeo. Mkono unaposhika tupa huacha mteremko mdogo bila fundi kukusudia, na mteremko huo ukielekea upande wa kutokea, mzigo wenyewe hukisukuma kikomeo kiachie. Hata uso ukiwa wima kabisa, kinachobaki kukizuia kikomeo ni msuguano, ambao kwa chuma juu ya chuma chenye mafuta kidogo unaweza kuwa sehemu moja ya tano ya mzigo au pungufu yake. Tuchukue mtu wa kilo 80 ambaye kila paja linabeba kilo 40: sehemu ya tano ni kilo 8, na kidole gumba kinaziweza bila taabu. Hapo ndipo bizimu yako ilipokuangusha.

Tengeneza mdomo. Uso wa kushika uchongwe kama ndoana, ncha ya ulimi ikae nyuma ya ncha ya kikomeo kwa milimita 2 hivi, ili kikomeo kisiweze kusogea pembeni mpaka ulimi usukumwe ndani kwanza kwa hizo milimita 2. Mtu aliyesimama ardhini atafanya hivyo kwa urahisi kwa sababu utepe wake umelegea, lakini anayening'inia hataweza, maana kuusukuma ulimi ndani ni sawa na kujinyanyua uzito wake mwenyewe kwa vidole. Umbo hilo halitegemei mafuta, jasho wala nguvu ya springi, na ndiyo sababu ninalipenda.

Jambo la pili, weka vikomeo viwili vinavyotazamana, kimoja kila upande, vinavyolazimika kubonyezwa pamoja. Fundo la mti likibonyeza kimoja, cha pili hubaki kimeshika, na kila kimoja lazima kiweze kubeba mzigo wote peke yake. Kuna faida nyingine ambayo wengi hawaioni: mtu anapoanguka na kusimamishwa ghafla, kila kipande chenye uzito ndani ya bizimu hutaka kuendelea na safari yake, na kitufe kimoja kinaweza kujifungua kwa mshtuko tu. Vikomeo vikitazamana, mshtuko unaosukuma kimoja kufunguka unakisukuma cha pili kufunga. Kampuni ya AustriAlpin ya Austria inatumia njia ya namna hiyo katika bizimu zake za COBRA, zenye vikomeo viwili na ambazo hazifunguki zikiwa na mzigo. Jifunze kanuni yake, usinakili kipande kwa kipande.

Mwisho, ogopa bizimu iliyofungwa nusu kuliko iliyo wazi, kwa kuwa iliyo wazi inaonekana. Weka springi ndogo ndani ya kasha inayoutema ulimi nje ikiwa vikomeo vyote viwili havijashika. Springi hiyohiyo, bizimu ikishafungwa, ndiyo itakayousukuma ulimi nyuma na kuukalisha mdomo mahali pake.

Afisa Usalama, Mtwara

Nijibu swali la pili. Ni kweli kwamba mtu anayening'inia bila kusogeza miguu, damu hutuama miguuni na anaweza kuzimia baada ya dakika chache. Hata hivyo, akifungua bizimu ya paja akiwa mita 30 juu, hajajiokoa. Ameufanya mkanda usimshike tena. Haraka unayoitafuta ni ya ardhini. Juu, mwokoe kwa njia nyingine: vitanzi vidogo vinavyoning'inia kiunoni ambavyo anaweza kuvikanyaga ili damu itembee, kamba ya pili, na mwenzake anayejua kumshusha. Kisu cha kukata utepe kinatumika pale tu anapokuwa tayari ameshikwa na kamba nyingine.

Kuhusu majaribio, kaka, naomba unielewe vizuri kwa sababu ninazungumza kwa kuogopa kuzika mtu: mwembe hautoshi. Kiwango cha Ulaya cha EN 361 kinataka mkanda wa mwili mzima uvutwe kwa kilonyutoni 15, karibu tani moja na nusu, kwa dakika tatu, na udondoshwe ukiwa na mzigo wa kilo 100 kutoka mita 4, mara moja kichwa kikiwa juu na mara nyingine miguu ikiwa juu. Bizimu ni sehemu ya mkanda huo, hivyo mzigo unaoifikia nayo iuhimili. Wasiliana na Shirika la Viwango Tanzania kabla ya kuuza hata moja. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamwajibisha mwajiri kuhusu vifaa vya kujikinga, na mwajiri makini atakuuliza cheti chako kabla ya kuuliza bei.

Mtunza Stoo, Mikindani

Fundi, mimi hukagua mikanda inaporudi kutoka kazini, na ninachokiona kwanza ni kutu ya springi. Kasha huwa bado linang'aa huku springi imebaki nusu. Upepo wetu una chumvi, na msimu wa kupulizia mikorosho salfa huingia katika kila tundu, ikichanganyika na jasho inakuwa uji wa njano ulioganda. Acha matundu chini ya kasha ili maji safi yapite na kutoka, na usipake grisi, kwa kuwa inashika vumbi. Springi iwe ya chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316. Ukitumia kasha la alumini, litenge na chuma hicho kwa kipande cha plastiki, la sivyo maji ya chumvi yatakula alumini pale vinapogusana.

Kingo za tundu linalopitisha utepe uzipime kwa soksi ya nailoni. Ipitishe taratibu, ikinasa hata uzi mmoja, rudi kwenye tupa. Utepe wa poliesta usipungue upana wa milimita 40, na ushonwe kwa uzi wa rangi tofauti na utepe. Mimi hukagua mikanda jioni taa zikiwa hafifu, na uzi mweusi juu ya utepe mweusi umewahi kunificha mshono uliokatika.

Fundi Turubai, Mtwara

Nashukuruni sana. Jana nimeweka guni, kile kipimo cha pembe mraba, juu ya ulimi wa bizimu yangu dhidi ya mwanga wa dirisha na nimeuona mteremko, upande uleule Mkereza aliousema. Nimeivunja bizimu ile kwa nyundo ili mtu asiiokote akaitumia.

Nimewaomba mafundi wa minara waendelee na bizimu za kawaida, nikawaoshea zote kwa maji baridi na brashi, na kwa kweli zimefunguka vizuri kuliko nilivyotarajia. Hilo nilipaswa kulifanya kwanza. Swali moja limebaki: mdomo wa milimita 2 utalika kiasi gani kwa matumizi ya kila siku?

Mkereza Vyuma, Lindi

Fanya ulimi na vikomeo kwa chuma cha pua kilichotiwa ugumu, kisha funga na fungua mara 1,000 ukipima mdomo kwa kalipa, kifaa cha kupimia milimita, kila baada ya mara 100. Ukishuka chini ya milimita 1.5, uongeze upana wa uso wa kushika, usiongeze urefu wa mdomo. Niletee vipimo vyako hapa, na nitakukerezea ulimi wa kwanza bila malipo.