Tupeane uzoefu: kutunga shairi la kutamani nyumbani lisigeuke kilio kitupu

Chemli
Wakuu, uzi huu ni wa watunzi walio mbali na kwao na wa wanaowahariri. Kila mmoja alete mbinu, aseme na pale inapokwama.

Naanza na kosa linalorudi kuliko yote: kina cha -ni, yaani maneno kuishia kwa silabi hiyo moja. Mtunzi akiwaza kwao, kichwani hujaa nyumbani, pwani, zamani, moyoni. Vina vinajitunga vyenyewe, na ubeti wa tatu ukifika shairi limekuwa orodha ya mahali. Huwezi kujua anatamani Lamu au Kigoma. Dawa: usianze na hisia. Chagua kitu kimoja cha nyumba ile, chenye kazi na sauti, jina lake ndilo likupe kina. Mbuzi ya kukunia inakupa nazi, ngazi, uzi, wazi, kazi. Machozi nayo imo humo humo, lakini iruke.

Kifuu
Naongezea hapo kwa ubeti wa mfano, tarbia ya kawaida (ubeti wa mishororo minne), mizani 8 kwa 8, yaani silabi nane kila upande wa mshororo:

Usiku yalia mbuzi, meno yake yakwaruza
Mama akikuna nazi, utambi kaupunguza
Nimeketi kwenye ngazi, kifuu nakichunguza
Leo kopo liko wazi, hapana kinokwaruza

Tazameni utambi. Taa ya chemli hupunguzwa utambi ili mafuta yafike kesho, kwa hiyo hali ya nyumba imeshasemwa bila neno umaskini kutajwa. Kisha "kwaruza" imerudi mwishoni kwa makusudi. Tui la kopo halina sauti, na kukosekana kwa sauti ile ndiyo hamu yenyewe. Rasimu nyingi huharibika papo hapo: mtunzi anaandika "kimya kinaniumiza". Mizani inatosha, kina kinakubali, ila umemfanyia msomaji kazi yake. Ukiona kitenzi cha maumivu kwenye kituo, yaani mshororo wa mwisho wa ubeti, kifute, weka kitu kinachoonekana au kusikika.

Mtepe
Mimi nasisitiza mizani, maana majina ya kwetu yanatega. Mtwara ni tatu: m-twa-ra. Mombasa tatu: mo-mba-sa. Nchi ni mbili, n-chi, na mji ni mbili, m-ji. Nyumba ni mbili tu, wala usihesabu ile "m" ya katikati peke yake. Anayehesabu kwa macho hukosea. Piga kidole mezani huku ukitamka. Ukizidiwa na mizani moja, usikate jina la mahali. Kata kiunganishi, au tumia ufupisho wa pwani kama Kifuu alivyofanya, "kinokwaruza" badala ya "kinachokwaruza". Ila ufupisho huo usiujaze kila mshororo ikiwa kwenu hawasemi hivyo. Mtu wa Tabora akiandika Kimvita, lahaja ya Mombasa, cha kuazima, hamu yake inasikika ya kuazima pia.

Kaskazi
Majira jamani! Kumbukumbu huchanganya misimu, na msomaji aliyebaki nyumbani hukukamata mara moja. Maembe ya pwani yenyewe hasa ni kuanzia Novemba hadi Februari, wakati wa upepo wa kaskazi. Ukiyaweka maembe yaliyoiva mtini huku upepo wa kusi wa Julai unachafua bahari na wavuvi wamevuta ngalawa juu, ubeti umeanguka. Kabla ya kutunga, andika pembeni mambo matatu: mwezi, upepo, na kilichokuwa sokoni. Hayo hata yasipoingia kwenye shairi yatakuzuia kukosea. Na harufu itaje kwa chanzo chake. "Harufu ya nyumbani" haina pua. Moshi wa vifuu una pua.

Vidaka
Kwa wanaotaka kielelezo cha zamani, rudini kwa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir na utenzi wake Al-Inkishafi. Nia yake ni kuonya juu ya dunia, hilo lisisahaulike, lakini namna anavyoionyesha Pate, mji wa kisiwani karibu na Lamu, iliyoanguka ni darasa kwa mtunzi yeyote wa hamu. Haishii kusema mji umekufa. Anaingia ndani, anafika kwenye vidaka vya ukutani vilivyowekwa sahani za thamani, na humo sasa wamelala makinda ya ndege. Mahali ni pale pale, kilichomo kimebadilika. Jaribuni hivyo: usibadilishe mandhari, badilisha kilichomo. Kigingi kile kile kilichotundikwa kanzu, leo kimetundikwa nini?

Chemli
Vidaka, ahsante sana, hilo nalichukua. Nimalizie kibwagizo, yaani mshororo unaorudiwa mwisho wa kila ubeti. "Lini nitarudi kwetu" ikirudiwa beti saba huchosha kuanzia ubeti wa nne, kwa sababu jibu halibadiliki. Rudieni utao (nusu ya pili ya mshororo) peke yake, na ukwapi (nusu ya kwanza) ubadilike kila ubeti, ili maneno yale yale yasikike tofauti. Likiisha, msomee kwa simu mtu aliyekulia nyumba ile ile, taratibu, bila kumweleza kitu. Akisema "zuri", bado. Akikukatiza, "aa, mbuzi haikuwa ukumbini, ilikuwa nyuma ya mlango wa uani", chukua kalamu, muulize na nini kingine kilikuwa nyuma ya mlango huo.