FAFSA: Wizara ikichelewa hakuna anayelipa, mzazi akichelewa mtoto anakosa ada

Ndugu zangu wazazi na walezi mlioko Marekani, hasira zangu ziko wazi humu na sizifichi. Someni hadi mwisho hata hivyo, kwa kuwa kuna mambo ya kufanya wiki hii hii.

Fomu ya FAFSA, ile ya kuomba msaada wa serikali kuu ya Marekani wa kulipia chuo, ya mwaka wa masomo 2025–26 ilifunguliwa rasmi kwa watu wote Novemba 21, 2024. Tangu 2016 familia zilizoea kuipata Oktoba 1. Ya 2024–25 ilitoka Desemba 30, 2023, ikawa inafunguliwa dakika chache na kufungwa tena. Kwa ya 2025–26, Oktoba 1, 2024 ilipofika, wakaingizwa wachache tu kwa majaribio. Miaka miwili mfululizo tulikatwa miezi yetu, na bado tukaambiwa mwaka wa pili ni afadhali.

Kilichotokea kwa fomu ya 2024–25 kisisahaulike. Sheria ya kuirahisisha fomu ilipita Desemba 2020, kwa hiyo Wizara ya Elimu ilikuwa na miaka mitatu ya kujiandaa. Nia ya sheria ilikuwa nzuri: maswali yapungue kutoka zaidi ya 100 hadi chini ya 50, na taarifa za kodi zitoke IRS, mamlaka ya kodi, moja kwa moja. Fomu ikatoka na majedwali ya kukokotoa uwezo wa familia ambayo hayakurekebishwa kulingana na mfumuko wa bei, kosa ambalo lingewanyima wanafunzi dola bilioni 1.8. Kulisahihisha kukasogeza taarifa za kwenda vyuoni hadi katikati ya Machi 2024, ilhali miaka yote chuo huzipata siku chache baada ya mwanafunzi kutuma. Zilipoanza kufika, Machi 22 ikatangazwa kwamba takribani 200,000 zimekokotolewa vibaya. Baada ya hapo likaja tatizo la data za kodi zisizolingana. Waliozaliwa mwaka 2000 walikuwa hawawezi hata kuvuka ukurasa fulani wa fomu. Na ukipiga simu? Ofisi ya ukaguzi ya serikali, GAO, ilieleza Septemba 2024 kwamba katika miezi mitano ya mwanzo zilipigwa simu milioni 5.4, na milioni 4 kati ya hizo hazikupokelewa. Milioni nne! Hao ni watu waliosimama korido za kazini wakati wa mapumziko, simu sikioni, hadi muda ukaisha.

Hoja yangu ni moja. Tarehe ya serikali inasogea kila inapotaka, tarehe ya familia haisogei mpaka uombe, tena kwa maandishi. Chuo kinataka jibu na malipo ya kushikilia nafasi kufikia Mei 1. Mwaka 2024 vyuo vingi vilisogeza hadi Mei 15 au Juni 1, vingine vikakataa. Familia ikatakiwa kuchagua chuo kabla ya kujua kitagharimu kiasi gani. Hakuna mtu anayenunua hata godoro kwa utaratibu huo.

Sasa tuje kwenye fomu yenyewe, kama ilivyokuwa kwa 2025–26, maana watoto wengi wanakwama sehemu zilezile.

Kila anayetakiwa kuweka taarifa zake lazima awe na akaunti yake kwenye StudentAid.gov, tovuti ya Wizara: mwanafunzi yake, mzazi yake. Usitumie barua pepe moja kwa wawili. Mwenye namba ya Social Security (hifadhi ya jamii), mfumo huilinganisha na kumbukumbu za ofisi ya Social Security, na kwa fomu hiyo lilichukua siku moja hadi tatu. Kwa hiyo fungueni akaunti kwanza, fomu baadaye. Na hapa majina yetu ndiyo yanatuumiza. Kwetu mtu ana majina matatu. Kwenye kadi ya Social Security, jina la pili limeandikwa kama la ukoo au limeunganishwa na la kwanza. Andika kama kadi ya Social Security inavyosema, herufi kwa herufi, hata kama pasipoti na vyeti vya shule vinasema vingine. Tarehe ya kuzaliwa ni hivyo hivyo. Familia nyingi zilizopitia kambi za wakimbizi ziliandikiwa Januari 1, na wazazi wakifika kwenye fomu huandika tarehe ya kweli. Fomu haiijui tarehe ya kweli, inaijua iliyoko Social Security. Kama unataka kurekebisha, anzia ofisi hiyo, usianzie FAFSA.

Kwenye fomu ya 2025–26 mwanafunzi ndiye aliyemwalika mzazi kwa kuandika jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya Social Security na barua pepe ya mzazi. Kimoja kikitofautiana na kilichoko kwenye akaunti ya mzazi, mzazi akifungua mwaliko alizuiwa. Kaeni pamoja, akaunti ya mzazi iwe wazi mbele yenu, mnakili kutoka humo.

Kisha ridhaa. Kila anayechangia taarifa lazima akubali IRS ilete data zake za kodi. Lazima hata kwa ambaye hakuwasilisha kodi kabisa. Mmoja akikataa au akiruka ukurasa huo, namba ya SAI, ambayo ndiyo chuo hupimia uwezo wa familia, haikokotolewi, na mtoto hapati msaada wowote wa serikali kuu. Halafu kuna mtego mwingine: mwanafunzi akimaliza upande wake na kuweka sahihi, anadhani kamaliza, kumbe mzazi bado. Fomu inabaki pale pale wiki tatu, chuo hakijapata kitu. Msiondoke mpaka mmeuona ujumbe wa kuthibitisha kwamba fomu yote imetumwa. Upigeni picha, tarehe ionekane.

Wazazi wasio na namba ya Social Security ndio walioonewa kuliko wote. Mtoto ni raia, amezaliwa hapa, ana haki kamili ya Pell, ruzuku ya serikali kuu isiyorudishwa, ambayo kwa 2024–25 ilifika dola 7,395, lakini kuanzia Januari hadi Machi 2024 mzazi wake alikuwa hawezi kuweka taarifa zake kwenye fomu. Miezi miwili na zaidi mlango umefungwa, huku misaada ya majimbo mengine ikigawiwa kwa anayewahi. Kwa walio katika kundi hili, utaratibu wa 2025–26 ulikuwa huu. Fungua akaunti, weka alama kwamba huna namba hiyo. Utaulizwa maswali ya kukuthibitisha yanayotoka TransUnion, kampuni ya kumbukumbu za mikopo. Asiyewahi kukopa hapa mara nyingi yanamshinda, na hilo si kosa lake. Likitokea hilo utapewa namba ya shauri. Utatuma kwa barua pepe tamko lililotiwa sahihi pamoja na nakala ya kitambulisho, kwa mfano pasipoti au leseni ya udereva. Picha iwe na pembe zote nne, isiwe na kivuli. Tunza namba ya shauri. Mwanafunzi anapokualika asiandike sufuri tisa wala namba ya ITIN (ya kodi, ya wasio na Social Security) mahali pa Social Security, aweke alama kwenye kisanduku cha kutokuwa nayo. Na anwani ya nyumbani aliyoandika yeye ilingane na ya akaunti yako kabisa: kama kwako ni “Street”, asiandike “St”.

Wenye watoto wawili chuoni kwa wakati mmoja, mnapaswa kujua kwamba sheria mpya iliondoa nafuu yenu. Zamani mchango wa mzazi uligawanywa kwa idadi ya walioko chuoni, sasa haugawanywi. Mapacha wanahesabiwa kana kwamba kila mmoja ana wazazi wake. Mwambieni ofisa wa misaada wa chuo kwa barua, kwani baadhi ya vyuo binafsi bado vinalifikiria kwa fedha zao wenyewe. Vyuo hivyo huomba pia CSS Profile, fomu nyingine kabisa ya shirika la College Board, na haina malipo kwa familia yenye kipato kisichozidi dola 100,000.

Wakati mnasubiri, msikae bure. Tangu 2011 sheria inakitaka kila chuo kinachopokea fedha za serikali kiwe na kikokotoo cha gharama kwenye tovuti yake. Dakika kumi na tano, na mnapata makadirio. Barua ya msaada ikifika, toeni ruzuku na ufadhili peke yake kwenye gharama. Mikopo msiitoe. Mkopo wa serikali wa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayetegemea wazazi ni dola 5,500 tu, na kati ya hizo zisizozidi 3,500 ndizo ambazo serikali hubeba riba akiwa masomoni. Parent PLUS, mkopo wa serikali kwa wazazi, ni deni la mzazi hata ikiandikwa kwenye safu moja na ruzuku. Vyuo vinavyoichanganya humo vinadanganya macho ya watu waliochoka, na vinajua. Mzazi akiomba PLUS akakataliwa, mwanafunzi anaweza kuongezewa mkopo wa hadi dola 4,000. Kazi ya chuoni nayo hailipwi mwanzoni mwa muhula, hulipwa kwa saa zilizofanywa, kwa hiyo ada ya Agosti haiwezi kuitegemea.

Fomu ya 2025–26 ilisoma kodi ya 2023. Aliyepoteza kazi 2024 alionekana bado ana mshahara. Chuo kina mamlaka ya kurekebisha hilo, lakini hakikuiti. Omba fomu ya mabadiliko ya hali ya familia, ambatanisha barua ya kuachishwa, hati ya mshahara wa mwisho na bili za hospitali kama zipo. Uamuzi wa chuo ni wa mwisho, Wizara haipokei rufaa yake, kwa hiyo karatasi zikamilike mara ya kwanza.

Barua ya kuomba muda iandikeni mapema, Aprili mwanzoni, iende ofisi ya udahili na ya misaada kwa pamoja. Mistari minne inatosha: jina, namba ya mwanafunzi, tarehe mliyotuma FAFSA, na ombi la kusogeza Mei 1 na kusamehewa malipo ya kushikilia nafasi. Majibu ya simu hayahesabiki.

Nyongeza, kwa kuwa swali hili linarudi kila mwaka: wazazi walioachana, anayejaza siku hizi ni aliyetoa fedha nyingi zaidi za kumtunza mtoto katika miezi 12 iliyopita, hata kama mtoto halali kwake. Akiwa ameoa au ameolewa tena, kipato cha mwenzi wake kinaingia, na kama hawakuwasilisha kodi pamoja, mwenzi naye anahitaji akaunti na ridhaa yake. Wanaoishi pamoja bila ndoa wanajaza wote wawili. Waliooana na kuwasilisha kodi pamoja, mmoja anatosha.

Tarehe za majimbo zitazameni moja moja. California kwa vyuo vya miaka minne kwa kawaida ni Machi 2, na 2024 ilisogezwa hadi Mei 2 baada ya vurugu zile. Majimbo mengine hugawa hadi fedha ziishe. Anayejua ya jimbo lake aiandike hapa chini, pamoja na siku aliyotuma fomu na siku chuo kilipoipokea, tuanze kuweka kumbukumbu zetu wenyewe.