Kakatwa na msumeno kazini, kaandikiwa bingwa wa mifupa Mbeya: nani analipa, na "bingwa" ni nani machoni pa bima?

Mbao_Mafinga

Wakuu, shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Naomba kueleweshwa na wanaozijua hizi taratibu.

Kiwanda kidogo cha mbao hapa Mafinga, wafanyakazi 40, wengine vibarua wa mashine za ding dong, zile za kupasulia mbao msituni. Mwendesha msumeno amekatwa kiganja cha kushoto: kano za vidole viwili zimekatika na mfupa mmoja umevunjika. Ameanzia hospitali ya mji, akapelekwa hospitali ya rufaa ya mkoa Iringa, na sasa ana rufaa kwenda kwa bingwa wa mifupa hospitali ya kanda Mbeya. Michango ya WCF (Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi) inalipwa kila mwezi. Maswali:

Je, Mfuko wa Fidia unalipia bingwa, au unaishia kwa daktari wa kawaida? Ana kadi ya NHIF, bima ya afya ya taifa, aitumie? Na kuna mwenzake aligongwa na lori pale Nyororo akiwa amepanda bodaboda siku ya mapumziko. Bima ya lori itamlipia bingwa?

PeiroliIringa

Ndugu, nianze na la kwanza kwa sababu ndilo lenye haraka.

Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008, ambayo Mfuko wake ulianza kazi Julai 2015, haigawi matibabu kwa cheo cha daktari. Inazungumzia gharama stahiki za matibabu yaliyolazimishwa na ajali iliyotokana na kazi: kutibiwa, kupasuliwa, kulazwa, uuguzi, viungo bandia na vifaa saidizi pamoja na kuvikarabati, na gari la wagonjwa pale lilipohitajika. Bingwa yumo humo. Kinachoamua malipo ni maneno mawili, "stahiki" na "yaliyolazimishwa na ajali", na yote mawili yanathibitishwa kwa karatasi. Mgonjwa aliyejipeleka mwenyewe kwa bingwa bila rufaa, hata kama bingwa huyo ni hodari, anampa mkaguzi wa madai sababu ya kuuliza kwa nini hakutibiwa Iringa.

Pesa zinatoka kwa mwajiri peke yake. Sekta binafsi ilianza na asilimia 1 ya mishahara yote, ikashuka hadi 0.6 mwaka 2021, na tangu Julai 2022 ni 0.5, sawa na sekta ya umma. Kwa kiwanda chako, kama wastani ni shilingi 300,000 kwa watu 40, mishahara ni 12,000,000 na mchango ni 60,000 kwa mwezi. Mfanyakazi hakatwi hata senti. Akiwekewa makato ya "fidia" kwenye hati ya mshahara, hilo ni kosa.

Sasa fanya hivi. Mwajiri anatakiwa kuutaarifu Mfuko ndani ya siku 7 tangu ajue ajali. Usingoje mgonjwa arudi kutoka Mbeya ndipo uanze. Dai lenyewe lina miezi 12, lakini taarifa iliyochelewa huanzisha barua za maelezo, na barua hizo ndizo hula muda. Andika saa, mashine, sehemu ya mwili na upande wake. Nasisitiza upande: fomu ya mwajiri ikisema mkono wa kulia na ripoti ya daktari ikisema kushoto, dai linasimama hapo hapo.

Hakikisha pia jina lililo kwenye orodha ya mishahara, kitambulisho cha NIDA na faili la hospitali ni moja. Huku kwetu mtu anaitwa jina la ukoo kijijini, la ubatizo hospitalini na la babu kwenye NIDA. Rekebisheni sasa, mapema, kwa kiapo ikibidi.

Kuhusu vibarua: kibarua wa ding dong naye ni mfanyakazi. Kasoro kubwa ni kwamba wengi hawaingizwi kwenye orodha ya mishahara inayopelekwa, hivyo akiumia hakuna pa kupatia kipato chake cha kukokotolea. Fidia ya ulemavu wa muda ni asilimia 70 ya kipato. Wa 300,000 anapata 210,000 kwa mwezi. Asiye kwenye orodha atathibitisha nini?

Daktari_wa_Uyole

Niongezee upande wa hospitali, maana hapa ndipo watu wanapoumia mara ya pili.

"Bingwa" si jina la heshima. Ni daktari aliyemaliza shahada ya uzamili katika fani yake na kusajiliwa kwa fani hiyo na Baraza la Madaktari Tanganyika. Bingwa bobezi ni hatua moja zaidi, kwa mfano upasuaji wa mkono peke yake. Ripoti bila jina kamili, namba ya usajili na muhuri wa hospitali huweza kukataliwa hata kama upasuaji ulifanyika vizuri. Mwombe ajaze kabla mgonjwa hajaruhusiwa. Kumtafuta baada ya wiki tatu, akiwa zamu au safarini, ni taabu kubwa.

Tofautisha pia bingwa anayetibu na daktari anayefanya tathmini ya ulemavu. Tathmini hufanywa hali ikishatulia, yaani matibabu zaidi hayatarajiwi kuleta nafuu kubwa, na WCF imekuwa ikitoa mafunzo maalumu kwa madaktari wa mikoani kwa kazi hiyo. Asilimia iliyoandikwa na bingwa wako pembeni ya cheti haichukui nafasi ya tathmini. Na asilimia ina uzito: ulemavu wa kudumu usiozidi 30 hulipwa kwa mkupuo, ukizidi hapo ni pensheni ya kila mwezi. Kwa hiyo msiharakishe tathmini wakati kidole bado kinafanyiwa mazoezi.

Barua ya rufaa iwe na nini? Utambuzi wa jeraha kwa maneno kamili, sio "jeraha la mkono". Huduma isiyopatikana pale alipo: "ukarabati wa kano unahitaji bingwa, haupo hapa". Kiwango cha dharura. Na njia ya usafiri, kama lazima gari la wagonjwa lenye muuguzi au anaweza kupanda basi. Mstari huo wa usafiri husahaulika, kisha familia inabaki na risiti ya gari isiyo na maelezo ya kitabibu ya kwa nini lilihitajika.

Kwa jeraha hili muda nao ni tiba. Kano zilizokatika huunganishwa vizuri zaidi ndani ya siku za mwanzo. Zikipita wiki mbili hivi ncha zimejivuta, na upasuaji unakuwa mgumu zaidi. Kwa hiyo aende, karatasi zimfuate.

Halafu mazoezi tiba. Kano iliyoshonwa bila mazoezi ya wiki kama 12 hugandamana na kidole hakikunji. Mtaalamu wa fiziotherapia si bingwa, wala hahitaji kuwa, lakini malipo yake yanategemea bingwa ameandika: vipindi vingapi kwa wiki, kwa muda gani, wapi. Mwombeni aandike mazoezi yafanyike Iringa au Mafinga badala ya kumrudisha Mbeya kila wiki. Nauli za miezi mitatu zinaweza kumfanya aache, na akiacha, upasuaji wote umepotea bure.

Mbao_Mafinga

Asante sana Daktari, na wewe PeiroliIringa. Kuhusu kadi ya NHIF sijajibiwa. Na mfupa umewekewa vyuma vidogo. Vikitakiwa kutolewa baadaye inakuwaje?

PeiroliIringa

Kadi: pale mapokezi sema wazi kwamba ni ajali ya kazini, iandikwe kwenye faili. Usiitumie kwa mazoea. Kadi ikitumika, hospitali inaidai NHIF, nanyi hamtakuwa na risiti ya kudai WCF, na mifuko miwili itaanza kuulizana. NHIF hulipa kwa bei zake kulingana na ngazi ya hospitali na aina ya daktari, wa kawaida, bingwa au bobezi, na kitita chake kilibadilishwa Machi 2024. Ni mfumo mwingine kabisa. Kama hali ni mahututi na hakuna fedha mkononi, okoeni maisha kwa kadi kwanza, kisha mueleze kwa maandishi.

Ulizeni pia idara ya fedha ya hospitali kama inaudai Mfuko moja kwa moja au mnalipa kisha kurejeshewa. Kama mnalipa, kila malipo yapite kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya Serikali, na mtunze risiti halisi pamoja na ankara yenye mchanganuo. Risiti ya 850,000 iliyoandikwa "matibabu" haimwambii mkaguzi kitu. Anataka chumba, dawa, eksirei, vyuma na ada ya bingwa kila kimoja mstari wake. Dawa zilizonunuliwa duka la nje ziambatane na cheti cha daktari chenye tarehe ile ile.

Vyuma: hapa pana mtego. Huduma ya matibabu ya Mfuko hulipwa kwa kipindi kisichozidi miaka miwili tangu ajali, na kuongezwa inapoonekana matibabu zaidi yatapunguza ulemavu. Waya ndogo za kidole hutolewa baada ya wiki chache, hizo hazina shida. Lakini vyuma vya mguu au paja mara nyingi hutolewa baada ya mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, na mgonjwa akiahirisha mara mbili tatu kwa ajili ya msimu wa mahindi, miaka miwili imekwisha. Bingwa aandike tangu siku ya kwanza kuwa kuna upasuaji wa pili na mwezi unaokadiriwa. Wewe weka tarehe hiyo kwenye kalenda ya ofisi.

BimaMwanjelwa

Mimi nijibu la lori.

Bima ya lazima ya gari kwa mhusika wa tatu si bima ya matibabu. Ni bima ya dhima. Hakuna mtu atakayelipa pale mlangoni hospitali. Inalipa baada ya kuonekana kwamba dereva wa lori ndiye mwenye kosa. Kwa hiyo huyu wa Nyororo atumie NHIF au CHF (mfuko wa afya ya jamii) kama anayo. CHF iliyoboreshwa hufika hospitali ya rufaa ya mkoa, hivyo bingwa wa kanda atahitaji njia nyingine.

Kwa dai lenyewe: PF3 (fomu ya polisi ya majeruhi) siku ile ile, namba ya lori na uhakiki wa stika yake ya bima kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, ramani ya ajali, ripoti ya ukaguzi wa gari, na nakala ya hukumu ya kesi ya trafiki ikitoka. Ripoti ya bingwa ieleze pia gharama zijazo, maana ukishasaini hati ya kukubali malipo ya mwisho, upasuaji wa pili ni wako. Usisaini mgonjwa akiwa bado na vyuma mguuni. Shauri la madhara lina ukomo wa miaka mitatu, kwa hiyo subira ipo, ila si ya milele. Kampuni ikizungusha, ofisi ya TIRA kanda ya Nyanda za Juu Kusini ipo hapa Mbeya, na kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Ukitaka kuona tofauti, New Zealand tangu 1974 majeruhi wote wa ajali hutibiwa bila kuuliza nani mkosaji, kwa tozo za waajiri, wenye magari na watu wenye kipato, na Serikali ikiwabeba wasio na kipato. Ujerumani nako mfanyakazi aliyeumia kazini hupelekwa kwa bingwa wa majeraha aliyeidhinishwa na bima yenyewe, na huyo ndiye huamua nani amtibu baadaye. Nauona ule wa Wajerumani kuwa mzuri: bingwa anajulikana kabla ya ajali, familia haizunguki na faili kwapani.

Daktari_wa_Uyole

Mbao_Mafinga, jambo moja la leo: aje na picha zake za eksirei zenyewe pamoja na maelezo ya upasuaji wa Iringa. Wakija mikono mitupu watapigwa picha upya, na mkaguzi atauliza kwa nini kuna ankara mbili za picha moja.