Kungu wa Ziwa Nyasa kwenye uji wa mtoto, ni sawa?

MamaTau: Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Mama mkwe yuko Kyela, kanitumia kungu, wale wadudu wadogo wa ziwani wanaoruka makundi kwa makundi, kwa basi: wamekandwa kuwa mikate mitatu myeusi, imefungwa kwenye gazeti. Agizo lake ni niwasage, nimtilie mjukuu kwenye uji aongeze damu. Mtoto ana miezi minane. Mimi kwetu Tanga, wadudu hawa nimewajulia ndoani. Mikate miwili ni mikavu, wa tatu katikati unanata. Kingine, baba mtoto akila kamba midomo inavimba, na hao kungu hawagusi, anasema wanamwasha koo. Nimpe mtoto au nisimpe?

Mwana wa Ziwa: Mpe bwana! Tumekulia hao, tuko hai. Hata Livingstone, yule mmisionari mpelelezi, alionjeshwa huku Nyasa mwaka 1861, akafananisha ladha yake na mayai ya samaki ya chumvi. Hao wanaowashwa koo ni watu wa mjini tu.

Bi Mizani: Mwana wa Ziwa, punguza kidogo.

MamaTau mwanangu, nimestaafu kazi ya kupima vyakula maabara, na kungu nimewala kwa ugali tangu sijaijua darubini. Mkweo hajakosea. Mdudu aliyekaushwa ni protini kwa sehemu kubwa, na ana madini ya chuma na zinki. Kungu ana la ziada: akiwa bado majini anakula vijidudu vilivyoshiba mwani, kwa hiyo mafuta yake yana omega-3, aina ya mafuta mazuri kwa mwili, ambayo kumbikumbi hana kwa kiasi hicho. Ila ukikuta pakiti ya unga wa wadudu imeandikwa protini nyingi mno, usiimeze yote. Kipimo cha kawaida ni kupima naitrojeni na kuzidisha kwa 6.25, na ganda la mdudu nalo lina naitrojeni ambayo si protini. Wapo watafiti wanaotumia 4.76 kwa baadhi ya wadudu. Tofauti hiyo si ndogo.

Mafuta hayo mazuri ndiyo yanayochacha upesi. Mkate ukiwa mkavu sawasawa, ukiuvunja unakatika na kumwaga unga. Huo unaonata tupa, usimpe hata kuku. Usiseme utauchemsha: kuna bakteria kama Bacillus cereus ambao spora zao, yaani mbegu zao ngumu, zinavumilia maji yanayochemka, na sumu ya ukungu nayo haiogopi moto wa jikoni.

Muulize pia mkweo waliwakamata wapi. Wale wa kuzungushiwa vikapu na sufuria zilizoloweshwa kule ufukweni, wakanata, wakakwanguliwa, sina neno nao. Wa kufagiwa chini ya taa kwenye nyumba iliyopuliziwa dawa ya mbu, hapana. Na wadudu wanaokulia kwenye matope karibu na migodi au maji machafu hubeba zebaki na risasi, ambazo hakuna sufuria inayozitoa.

Lakini jibu lako liko kwenye koo la mumeo. Misuli ya kamba, kaa na wadudu ina protini moja inayofanana sana, tropomiosini, na kupika hakuimalizi nguvu. Anayevimba kwa kamba anaweza kuvimba kwa mdudu pia, na mzio (aleji) wakati mwingine hufuata ukoo. Mtoto anaweza kuwa salama kabisa, ila jikoni kwako si mahali pa kujaribia. Mpeleke kwanza kwa daktari wa watoto, umweleze habari ya baba yake. Akiruhusu, anza na chembe tu, asubuhi, siku ambayo hakuna chakula kingine kipya. Ukiona uvimbe usoni, kutapika mfululizo au kupumua kwa shida, kimbia hospitali. Kwa sasa, damu itafute kwenye maini yaliyosagwa laini na maharage.

Na vumbi la kusaga wadudu ni baya kwa kifua. Huko Sudan, kando ya Nile, wadudu wa jamii ya karibu na hawa wamewaletea watu pumu kwa kuwavuta tu hewani.

MamaTau: Ahsante sana mama. Ila huyu mkwe nitamwambiaje, ataona nimedharau.

Bi Mizani: Mwambie habari ya koo la mwanawe. Usianze na mkate ulioharibika.

MamaTau: Nimempigia. Kumbe koo hilo analijua tangu mwanawe yuko mdogo, alidhani ni deko! Kasema walikamatwa ufukweni, na mtoto asubiri daktari. Unaonata nimeutupa. Hii miwili naikaanga jioni na nyanya na karanga, mimi nionje.

Mwana wa Ziwa: Kitunguu kwanza shemeji, karanga mwishoni. Na usisahau pilipili.

Bi Mizani: Na baba mtoto akae nje mpaka umalize kusaga.