Golf GTI ya mtumba kwenye foleni ya Kimara: ni ujinga, au tunatishana bure?

MLETA MADA
Wakuu, habari za mchana. Kila nikipaki hii gari kazini lazima atokee mtu wa kunipa pole. Siyo hongera, pole. "Mjerumani utamweza?" Juzi hata mlinzi wa getini kanishauri niiuze kabla haijaharibika.

Gari yenyewe ni Volkswagen Golf GTI ya 2007, kizazi cha tano, cc 1,984 yenye tabo (ile inayoisukumia injini hewa), farasi 200, gia ya DSG, yaani otomatiki yenye klachi mbili. Niliagiza Japani, na kwa kuwa ilishapita miaka kumi nikalipia ushuru wa uchakavu asilimia 30, tena bila kununa. Sina gari nyingine. Ndiyo inayonitoa Kimara kwenda Posta siku tano kwa wiki, ndiyo inayopeleka watoto shule, na Desemba ilitufikisha Moshi watu wanne na mizigo. Nikilaza viti vya nyuma inabeba friji. Mwaka wa pili huu, haijanilaza njiani hata siku moja.

Sipingi kwamba mjini inakunywa. Ninachopinga ni hii imani kwamba mtu wa mshahara wa kawaida akitaka gari yenye raha kidogo basi amerogwa. Mnaosema ni ujinga leteni sababu. Methali nimeshasikia zote.

MWENYE IST
Sababu ndiyo hizi. Asubuhi unatoka Kimara, mpaka Ubungo unasindikizana na bajaji, mwendokasi linakupita pembeni abiria wamesimama wanakuangalia. Hapo farasi 195 wamelala, wanaofanya kazi ni watano. Ukitoka nje ya mji, kila kijiji kina kibao cha 50 na afande ana tochi. Faini ni ileile elfu 30, tofauti ni kwamba mimi Toyota IST yangu inahitaji muda kuifikia hiyo hamsini, wewe unaivuka ukiwa unatafuta wimbo kwenye redio.

Halafu siku ya kuuza. IST nikisema nauza, napiga simu mbili, jioni hela iko mkononi. Wewe utaitangaza mpaka tairi za kwenye picha ziwe zimeshabadilishwa.

MLETA MADA
Tochi nimepigwa mara moja tu maishani, na siku hiyo nilikuwa naendesha pikapu ya ofisi. Endelea.

FUNDI, GEREZANI
Golf na IST nazifungua karibu kila wiki, kwa hiyo nyote wawili mnaniwekea ugali mezani, sina upande.

Ila niseme ninachokiona. Sijawahi kuletewa GTI iliyokufa kwa sababu ni ya Ulaya. Nyingi zinafika kwangu zimeshapita kwa mafundi watatu. Wa kwanza aliweka oili namba 40 eti Dar kuna joto, wakati kitabu cha gari kinataka oili nyepesi yenye kiwango cha VW 502 00. Wa pili aliona injini inachemka, akang'oa themostati, ile inayodhibiti joto la injini, akaitupa. Sasa injini haifikii joto lake, kompyuta inadhani bado ni alfajiri, inazidisha mafuta, halafu mwenye gari analalamika Mjerumani anakunywa. Wa tatu akajaza rejeta maji ya bomba. Hapo ndipo naitwa mimi, na bili inakuja na jina langu.

Sasa mleta mada, nikuulize jambo moja. Injini yako ina pampu ya mafuta ya presha kubwa, inasukumwa na kamshafti, ile shafti inayofungua valvu. Katikati yake kuna kikombe kidogo cha chuma, ukikitia kwenye kidole gumba kinakaa, na kitako chake kimepakwa kitu cheusi kigumu. Kikombe hicho kinasuguliwa muda wote injini inapozunguka. Ule weusi ukiisha, chuma kinaanza kuliwa. Kikitoboka, pampu inaanza kuila kamshafti yenyewe, na bei ya kamshafti uiulize ukiwa umekaa. Kukikagua ni kufungua bolti tatu za pampu, basi. Mara ya mwisho umekifungua lini?

Kuhusu DSG, watu mnachanganya mbili. Ya kwako ni ya gia 6, klachi zake zinaogelea kwenye oili, na oili hiyo inabadilishwa kila kilomita 60,000. Iliyoharibu jina ni ya gia 7 yenye klachi kavu, iliyofungwa kwenye Golf za injini ndogo. Mwaka 2013 Volkswagen wenyewe waliita magari kama milioni 1.6 duniani kubadilisha oili ya hiyo gia boksi. Lakini hata wewe wa gia 6, kwenye foleni usiitambaze inchi kwa inchi ukiwa na mguu nusu kwenye breki. Kila ikitambaa, klachi inateleza. Kanyaga breki, mwache wa mbele atoke mpaka kuwe na nafasi ya gari mbili, ndiyo usogee. Watakupigia honi, wapige.

MLETA MADA
Ukweli sijawahi. Nilikuwa hata sijui kama kipo. Nilimwaga oili ya gia nilipoipokea, hilo nililijua. Kikombe, hapana.

MWENYE IST
Mmesikia? Mwaka wa pili anatembea na bomu.

MWALIMU, DODOMA
Jamani mnabishana kama duniani kuna Golf na IST peke yake. Mimi nina Suzuki Swift Sport ya 2013, cc 1,600, haina tabo, farasi 136, gia za mkono. Ni nyepesi, imetulia kwenye kona, na spea za chini nyingi napata bila kuagiza. Ikinikera, inanikera kwa mambo ya kawaida. Ilikuja na rimu za 17 na tairi nyembamba kama utepe. Nimepasua mbili mwaka wa kwanza, moja kwenye tuta lisilo na alama karibu na Kibaigwa, usiku, peke yangu, natafuta kule ilikowekwa jeki. Nikashuka kwenye rimu za 16 zenye tairi nene. Vijana wa gereji wakasema nimeiharibia sura. Hao hao kila nikiingia wananiuliza mzee mwenyewe yuko wapi. Mwenye gari ni mimi, nawajibu, na ule mlio uko upande wa kulia mbele, anza hapo.

Fundi, nina swali. Kwenye kifuniko cha tenki kuna kijikaratasi cha Kijapani, nikaambiwa kimeandikwa "haioku", yaani inataka petroli ya juu. Naiua?

FUNDI, GEREZANI
Huiui, dada. Kwa Wajapani petroli ya kawaida inaanzia okteni 89, haioku inaanzia 96; okteni ikiwa juu, petroli inastahimili zaidi kabla injini haijagonga. Injini yako ina kihisi kinachosikia injini ikianza kugonga, kikisikia kinachelewesha cheche. Unapoteza nguvu kidogo, hasa mlimani na kwenye joto. Ukisikia inagonga kama mbegu kwenye kopo wakati wa kuvuta, punguza mguu na uniletee. Kwa zenye tabo hapo ndipo usifanye mchezo, na wale mnaoziongezea nguvu kwa kompyuta kwanza, mafuta baadaye, nyie siwasemi.

MDAU, NAIROBI
Naomba nichangie kutoka huku. Kenya gari ya mtumba haiingii ikiwa imepitisha miaka minane tangu kusajiliwa. Hiyo Golf ya kizazi cha tano hatuwezi kuagiza tena, zilizopo ni zile zilizoingia kitambo. Nafikiri Tanzania mngefanya vivyo hivyo, mjadala huu ungeisha. Mnaleta gari ya miaka kumi na nane halafu mnashangaa kikombe kimeisha.

MLETA MADA
Ndugu yangu wa Nairobi, nakuheshimu, ila hapa sikubaliani nawe kabisa. Huo ushuru wetu wa uchakavu na hiyo sheria yenu vinauliza swali moja, gari ina miaka mingapi. Haviulizi breki. Japani gari binafsi inakaguliwa kila miaka miwili baada ya ile mitatu ya mwanzo, na ukaguzi wenyewe una gharama, ndiyo maana Wajapani wanaziuza zikiwa nzima. Ya kwangu ilikuja na karatasi ya mnada, alama 4, kila mkwaruzo umechorwa. Gari ya miaka sita iliyogongwa ikanyooshwa inaingia kwenu kwa shangwe, yangu mnaifungia mlango. Ingekuwa mimi ndiye natunga sheria, ningekagua gari kila mwaka, ya zamani na mpya, IST na GTI, halafu umri wake tuuache.

MDAU, NAIROBI
Hoja ya ukaguzi sikatai. Lakini nani atakagua, na kwa mashine gani? Tarehe angalau haihongeki. Na nikiri jambo: huku sheria haijatuondolea matatizo ya spea. Tunanunua Golf changa zaidi, bei mara mbili, na pampu ya maji yenye ganda la plastiki inavuja vilevile. Tunavujiwa tukiwa na mkopo wa benki.

MWALIMU, DODOMA
Heri ya kuvujiwa bila mkopo.

MLETA MADA
Narudi wakuu. Jumamosi nilikwenda Gerezani, siyo kwa fundi wetu huyu, kwa mwingine aliye jirani na nyumbani kwa shemeji. Bolti tatu, kama ilivyosemwa. Tulitanguliza tambara chini kwa sababu petroli ilibaki kwenye pampu. Kikombe kilitoka na sumaku. Pembeni bado cheusi, ila katikati kuna duara linalong'aa kama shilingi mpya, na ukipitisha ukucha unahisi umeingia shimoni. Hakijatoboka. Fundi alikigeuza mara mbili mwangani akasema, "Huyu alikuwa anakusubiri ufike Chalinze."

Kipya laki moja na elfu ishirini, ufundi elfu thelathini. Nimekiweka kile cha zamani kwenye droo ya gari. Mke wangu kaniuliza ni nini, nikamwambia ni pete.

Kwa hiyo Mwenye IST, nakupa hii moja: nilikuwa natamba na gari nisiyoijua. Lakini umeona bei ya kuijua. Haikufika hata tairi moja nzuri.

MWENYE IST
Laki na nusu kwa kitu cha ukubwa wa kizibo cha soda, na wewe unashangilia! Mimi IST yangu mwaka wa nne huu, naweka petroli, namwaga oili ya injini, natembea. Hakuna vikombe wala pete.

FUNDI, GEREZANI
Safi sana, mkuu. Na oili ya gia boksi ulibadilisha lini?

MWENYE IST
Ile nayo inabadilishwa?