Naomba ushauri: matawi ya ufeministi yananichanganya

Habari wakuu. Juzi nimebishana na dada yangu kuhusu ufeministi, yaani harakati za kudai usawa wa wanawake, mpaka sauti zikakauka. Yeye ni mfeministi wa tawi la kiliberali: sheria zikirekebishwa, mwanamke akasoma, akapiga kura na kulipwa sawa, basi yameisha. Nikamuuliza, akirudi kutoka kazini usiku, vyombo vinamsubiri nani? Wafeministi wa kisoshalisti angalau wanaigusa hiyo kazi isiyolipwa. Wafeministi wenye msimamo mkali wanasema mzizi ni mfumo dume wenyewe. Ila iliyonikamata ni hoja ya mwanasheria Mmarekani Kimberlé Crenshaw ya 1989, kwamba mwanamke mweusi anaweza kubaguliwa kwa rangi na jinsia kwa mpigo mmoja, na mahakama isione. Je, naweza kushika mawili matatu bila kujipinga? Mliosoma haya nielekezeni, kejeli wekeni pembeni.