Mjomba na baba walitafuna hela za korosho utoto wetu wote, leo wananidai bati

Wakuu, leo nina hasira na sifichi. Kama wewe ni wa "mzazi hakosei", pita kimya kimya, uzi huu haukuhusu.

Kimekaa kikao cha ukoo kule kwetu Newala, Mtwara, mimi sipo, kikanipangia mchango wa bati za nyumba ya mjomba pamoja na matibabu ya macho ya mzee, yaani baba. Nikajibu kwenye grupu la familia. Niliandika utoto wetu ulivyokuwa, nani alikula nini na sisi tulilala na nini. Nikatolewa kwenye grupu. Shangazi akapiga simu kunisomea kwamba nimewavua nguo wazee. Sawa, basi hapa nawavua vizuri.

Kwetu korosho ndiyo mshahara. Zinadondoka kuanzia mwezi wa kumi, na kwa mtu asiye na akili, ikifika mwezi wa pili hela hakuna. Mzee hakuwa hata na subira ya kufika huo mwezi wa kumi. Mikorosho ikiwa bado ina maua, ameshachukua pesa ya kangomba: anapewa hela kiduchu mkononi, msimu ukifika tajiri anakuja kubeba magunia. Stakabadhi ghalani, yaani korosho kuuzwa kupitia ghala la ushirika, ilipoanza Mtwara mwaka 2007 tulifurahi, tukajua sasa atapeleka mzigo chama cha msingi cha ushirika kama watu wengine. Wapi! Malipo ya chama yanachelewa, kiu ya uraka, pombe ya mabibo, haichelewi. Akaendelea na kangomba yake usiku usiku. Kilichobaki alioa. Kila msimu mke mpya, na masika yakianza mke kaondoka na godoro.

Nani alikuwa anaziokota hizo korosho? Sisi. Alfajiri kabla ya shule umeinama chini ya mkorosho, unaokota, unakonyoa korosho kwenye bibo, lile tunda lake, maji ya mabibo yanakurukia kwenye shati la shule na doa lake halitoki hata ufue vipi. Mtoto wa mkulima wa korosho kule unamjua kwa shati. Halafu mwezi wa pili huyo huyo mtoto yuko porini anachimba ming'oko, mizizi ya kuliwa, maana ndani hakuna hata unga.

Mama naye simruki, ingawa najua mtaniambia alikuwa anahangaika. Alihangaika, kweli. Alikuwa anapika nipa, gongo ya mabibo. Walevi wanajaa uani hadi usiku mkubwa na anayewapimia kwa kikombe ni mimi, msichana wa darasa la sita, na kila mmoja ana mkono wake na maneno yake. Mama anasikia. Anacheka nao, kwa sababu mteja asikasirike. Mdogo wangu akiwa la pili alikuwa anatumwa kupeleka vidumu vya uraka majumbani, njiani akawa analamba povu. Siku moja akalala darasani, mwalimu akamchapa mbele ya wenzake kwa kunuka pombe. Jioni mwalimu yule yule alikuwa uani kwetu anakunywa kwa mkopo. Mdogo wangu hakumaliza la saba. Hilo kikao hakijawahi kulijadili.

Sasa mjomba, huyu ndiye aliyenichefua zaidi. Wasio wa Kusini niwaeleweshe: sisi Wamakonde mtoto ni wa ukoo wa mama. Mjomba ndiye mwenye sauti, ndiye anayekaa mbele mpwa akiposwa. Kwa hiyo baba akiulizwa ada anajibu, "Hawa watoto wana wajomba zao." Ukienda kwa mjomba anasema, "Baba yenu si yupo hai?" Tumekulia katikati ya hayo majibu mawili. Ikija mahari, wote wawili wanajua mtoto ni wa nani.

Nilipochaguliwa kidato cha kwanza, ada ya shule ya kutwa ya serikali ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka mzima. Elfu ishirini! Elimu bila malipo ilikuja 2016, mimi nimeshazeeka. Mjomba alikuwa ametoka kuuza korosho wiki hiyo hiyo. Nikaenda na fomu yangu, nikapiga magoti. Alikuwa barazani anafungua boksi la redio mpya, ya spika mbili. Akaniambia nisubiri kwanza aijaribu. Nikasubiri taarabu upande mzima wa kaseti, kisha akasema msimu umekuwa mbaya. Ada akatoa bibi yangu, aliuza kuku wake wote na mkeka aliokuwa anasuka, na michango mingine ya shule akamalizia kwa kuwabebea watu maji kutoka bondeni. Anayejua kilima cha Newala na shida yake ya maji anajua namaanisha nini kwa mwanamke wa umri ule.

Msije na hoja ya bei. Jirani yetu alikuwa na mikorosho michache kuliko yetu, bei ile ile, watoto wake wamesoma wote.

Kuna binamu yangu msomi, yeye kaniletea Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, eti kifungu cha 15 kinamtaka mtoto awasaidie wazazi na wazee wakiwa na shida. Binamu, ulianzia wapi kusoma? Kifungu cha 4 kinasema mtoto ni aliye chini ya miaka 18. Mimi nina watoto wangu. Na ukishuka cha 8 utakuta chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu ni wajibu wa mzazi au mlezi. Hicho umekiruka kama walivyokiruka wao.

Macho ya mzee nitayatibu. Nitalipa hospitali moja kwa moja, shilingi haipiti mkononi mwa mtu, na asiyeridhika aseme na daktari. Bati sitoi. Laana mnazonitishia nazo zileteni tu, nilishakula ming'oko mimi.

Kinachonikaba ni bibi. Yupo hai, ni mtu mzima sana, na anaishi kwenye boma la huyo huyo mjomba. Nikimtumia hela najua inaishia wapi. Nikisema nimlete Dar, mjomba atasema nimeiba mama wa ukoo, na bibi mwenyewe hataki ugomvi, anasema tumwache afie kwao. Waliowahi kumtoa mzee kwenye mazingira ya hivi, hasa ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, mlianza na nani? Mlienda serikali ya kijiji, ustawi wa jamii, au mlipanda basi mkamchukua mkaondoka naye?